Kipi Kinangoja Kipi? Istilahi za Kuchora Utegemezi wa Tiketi kwa Mstari wa Amri

1. Utangulizi

Ofisi nyingi za leo hazitunzi tena orodha ya kazi zao katika madaftari ya karatasi peke yake. Kazi huandikwa katika programu ya kompyuta, ambamo kila jambo la kutendwa hupewa namba yake, kichwa chake, jina la mtu wa kulishughulikia, na hali yake: limefunguliwa, linaendelea, au limefungwa. Mtindo huu ulienezwa na waandishi wa programu za kompyuta, ambao walihitaji kufuatilia kasoro za programu zao. Bugzilla, mojawapo ya programu zinazojulikana sana za aina hii, ilitolewa kwa watu wote mwaka 1998, na Jira, iliyotengenezwa na kampuni ya Atlassian ya Australia, ilitoka mwaka 2002. Tangu hapo utaratibu huu umevuka mipaka ya uandishi wa programu, ukaingia katika benki, vyuo, mashirika na idara za serikali.

Mtumishi anayefungua programu ya namna hii huona orodha. Orodha humwambia kazi ni ngapi na ni za nani. Haimwambii kwa urahisi ni kazi ipi inayongoja kazi ipi. Ili kulijua hilo hapana budi kuzichora, na zipo zana ndogo za kompyuta zinazochora kwa amri moja tu iliyoandikwa kwa maneno.

Katika makala haya tunakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza zana hizo zinavyofanya kazi, kwa kuwa mtafsiri hawezi kuchagua neno zuri la kitu asichokifahamu. Pili, kuonyesha mtego mmoja wa sarufi ya Kiswahili unaoweza kuugeuza mchoro mzima juu chini. Tatu, kupendekeza istilahi chache, tukiwaomba wasomaji wazipime.

2. Masijala na tiketi

Programu tunayoizungumzia ni kitu gani kwa Kiswahili? Wengine wameieleza kwa maneno marefu, kama vile "mfumo wa kufuatilia masuala". Maelezo hayo si mabaya, ila ni maelezo, si istilahi. Watumishi wa serikali wanalo neno zuri tangu zamani, nalo ni masijala: mahali ambapo kila jalada lina namba, hutolewa kwa kutiwa saini, na hujulikana liko mezani kwa nani. Kazi ya programu hii ndiyo hiyo hiyo. Kwa hiyo tunapendekeza masijala ya kazi, au masijala tu pale ambapo muktadha unatosha.

Ama kitu kinachotunzwa humo, yaani ile kumbukumbu moja yenye namba, majina kadhaa yanashindana. "Suala" ni pana mno, kwa kuwa kila jambo duniani ni suala. "Hoja" imekwisha kuchukuliwa na wabunge na wakaguzi wa hesabu. Mkuu wa idara akisikia kwamba ana hoja 40 atadhani mkaguzi amefika. "Kadi ya kazi" inafahamika katika karakana na gereji, na ingefaa, lakini ni maneno matatu. Watumiaji wenyewe husema tiketi. Neno hili limekwisha kukaa katika Kiswahili kwa maana ya safari, na kuliongezea maana hii ya pili hakuleti mkanganyiko, kwani hakuna atakayepanda basi kwa tiketi ya kurekebisha kasoro. Tumelichagua hilo.

3. Utegemezi na rangi yake

Tiketi hazikai kila moja peke yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vivyo hivyo mwenye kutaka kazi moja ikamilike mara nyingi sharti kwanza aikamilishe nyingine. Uhusiano huo wa sharti ndio tunaouita utegemezi.

Neno hili lina historia, na mtafsiri yampasa aijue. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kujitegemea ni neno la sifa katika Tanzania, na utegemezi ukawa kinyume chake, yaani hali ya kumtazamia mwingine kwa mkate wa kila siku. Aidha, katika fomu za bima na za kodi, mtegemezi ni mtoto au mzee anayetunzwa na mwenye mshahara. Basi mtumishi akiambiwa kwamba kazi yake ina utegemezi mwingi aweza kuona kwamba analaumiwa.

Hata hivyo hatuoni sababu ya kuliacha neno. Katika maandishi ya kiufundi maana yake hutulia likisindikizwa na majina ya pande zake mbili. Kazi inayotakiwa kumalizika kwanza tunaiita kitangulizi, na ile inayoingoja tunaiita kifuatizi. Mwandishi anayeogopa rangi ya neno utegemezi anaweza kusema tu kwamba tiketi fulani ina vitangulizi viwili, na hakuna atakayejiona amelaumiwa.

4. Mtego wa herufi moja

Masijala nyingi huwa na jozi ya maneno ya kuunganishia tiketi mbili. Kwa Kiingereza jozi iliyozoeleka hutumia kitenzi chenye maana ya kuziba njia: upande mmoja kitenzi huwa katika kauli ya kutenda, na upande wa pili katika kauli ya kutendwa. Mtafsiri mwaminifu ataandika "inazuia" upande mmoja na "inazuiwa na" upande wa pili. Sarufi yake haina kosa. Lakini tazama: kinachotenganisha pande hizo mbili ni herufi moja, w, na kineno "na" ambacho jicho hukiruka. Katika kioo kidogo cha simu, msomaji mwenye haraka atasoma moja badala ya nyingine. Jozi ya "inategemea" na "inategemewa na" ina udhaifu ule ule.

Liko tatizo la pili, lililo kubwa zaidi. Tuangalie sentensi hii: "Hii ndiyo kazi inayoizuia kazi ile." Je, ipi inamzuia mwenziwe? Wengi watasema kwamba ya kwanza inaizuia ya pili. Lakini kirejeshi cha Kiswahili kinaruhusu mtenda aje nyuma ya kitenzi. Tunasema "kitabu alichokisoma mtoto", na mtenda ni mtoto, ambaye ametajwa mwisho. Katika mfano wa kitabu na mtoto ngeli hutuokoa, kwa sababu kiambishi a- ni cha mtoto na -ki- ni cha kitabu. Kazi na kazi zote zi katika ngeli moja. Kiambishi cha mtenda ni i-, cha mtendwa ni -i-, na hakuna kinachobaki cha kuzitenganisha. Sentensi ile inaweza kusomwa pande zote mbili, na pande zote mbili ni Kiswahili safi.

Jambo hili si mchezo wa wanasarufi. Kiungo kikiingizwa kinyume, masijala itamwambia anayepaswa kuanza kwamba angoje, na itamwambia anayepaswa kungoja kwamba aanze. Kompyuta haitalalamika, kwa maana kwake viungo vyote viwili ni sahihi. Watakaogundua ni watu, tena siku ya mwisho.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kanuni mbili. Ya kwanza ni kutumia vitenzi viwili tofauti kabisa, visivyofanana hata kwa mbali: inangoja na inatangulia. Kitenzi kungoja kina faida nyingine, kwamba hakimtupii mtu lawama; kitangulizi hakijazuia chochote, kinachukua muda wake tu. Kanuni ya pili ni kukiepuka kirejeshi katika vichwa vya sehemu za kujaza, na kuifanya tiketi iliyo mbele ya msomaji kuwa mtenda daima:

Tiketi hii inangoja: ....
Tiketi hii inatangulia: ....

Katika maelezo marefu, ambapo kirejeshi hakiepukiki, itumike amba-, na mtenda atajwe kabla ya kitenzi: "tiketi ambayo tiketi hii inaingoja". Ni ndefu kidogo, lakini haina njia mbili.

5. Kutoka orodha hadi grafu

Wanahisabati wana jina la mchoro wa vitu na mahusiano yao: grafu. Elimu yake huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1736, Leonhard Euler alipolichunguza swali la madaraja saba ya mji wa Königsberg. Grafu ina vitu vya aina mbili tu. Kuna vituo, na kuna mistari inayoviunga. Mistari hiyo ikiwa na ncha ya mshale, grafu huwa na mwelekeo. Hiyo tunaiita grafu elekezi.

Kwa kituo tumependekeza kifundo. Neno "kipeo" lingeweza kufaa, lakini katika vitabu vya hesabu vya shule limekwisha kutumika kwa maana nyingine, kama katika kipeo cha pili, na mwalimu hatatushukuru tukimwongezea mzigo. Kifundo ni mahali penye kuungana, iwe katika mguu, katika shina la muwa, au katika wavu. Kwa mstari tunapendekeza maneno mawili yenye kazi mbili: kiungo ni uhusiano ulioandikwa katika masijala, na mshale ni alama yake katika mchoro. Kuyatenganisha kuna maana, kama itakavyoonekana mbele.

Wazo la kuchora kazi kwa namna hii ni la zamani kuliko masijala za kompyuta. Mwaka 1958 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilibuni njia iitwayo PERT kwa ajili ya kusimamia utengenezaji wa makombora ya Polaris, ambapo maelfu ya shughuli zilikuwa zikingojana. Mwaka 1962 Arthur Kahn alichapisha njia ya kuzipanga shughuli za mitandao mikubwa kama hiyo katika foleni moja, ili isitokee kazi yoyote ikatajwa kabla ya vitangulizi vyake. Njia hiyo ni nyepesi kueleza. Tafuta kazi isiyongoja chochote, iandike, kisha ufute viungo vyote vitokavyo kwayo. Sasa zitaonekana kazi nyingine zisizongoja chochote. Rudia mpaka ziishe. Ikiwa zimebaki kazi na hakuna hata moja iliyo huru, basi zilizobaki zimefungana katika mzunguko, au ziko nyuma ya mzunguko. Kitendo hiki tunakiita upangaji wa vitangulizi.

6. Zana za mstari wa amri

Mstari wa amri ni njia ya kuiagiza kompyuta kwa kuandika maneno badala ya kubonyeza picha. Msomaji ataona kama ni kurudi nyuma, lakini kwa kazi hii una faida tatu. Amri iliyoandikwa huweza kutunzwa na kurudiwa kila asubuhi bila kubadilika. Tokeo la amri moja huweza kupelekwa moja kwa moja kuwa ingizo la amri nyingine kupitia bomba, ambalo mfumo wa Unix umekuwa nalo tangu mwaka 1973. Tena maandishi huweza kulinganishwa, mstari kwa mstari, na yale ya wiki iliyopita.

Tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu na wasomaji wetu: kutoa kijitabu cha istilahi za uvuvi. Tiketi zake ni nane. K1 ni kukusanya maneno, K2, kuchora picha, K3, kupendekeza visawe, K4, kikao cha wataalamu, K5, uhariri, K6, kupanga kurasa, K7, kupiga chapa, na K8, kibali cha fedha. Viungo vyake vimeandikwa katika faili, jozi moja kila mstari, kitangulizi kikitajwa kwanza:

K1 K2
K1 K3
K1 K4
K3 K4
K8 K4
K4 K5
K5 K6
K2 K6
K6 K7
K8 K7

Amri ya tsort, ambayo ni ya kale katika Unix, husoma jozi kama hizi na kutoa foleni. Ilibuniwa ili kupanga vipande vya programu katika maktaba zake, lakini haijali vipande hivyo ni vya nini. Kwa faili yetu, foleni mojawapo iliyo sahihi ni K1, K8, K3, K2, K4, K5, K6, K7. Tunasema mojawapo kwa kuwa K8 ingeweza pia kutangulia K1 bila kuvunja sharti lolote.

Foleni haionyeshi njia panda. Kwa hilo tunahitaji mchoro, na mchoraji mashuhuri ni Graphviz, mkusanyiko wa programu huria uliotoka katika maabara za AT&T nchini Marekani. Amri yake iitwayo dot hupokea maandishi ya namna hii:

digraph kijitabu {
  K1 [label="Kukusanya maneno"];
  K1 -> K2;
  K1 -> K3;
  K3 -> K4;
}

na kadhalika kwa viungo vyote. Neno la kwanza huiarifu programu kwamba grafu ni elekezi, na alama ya kistari na ncha ni mshale. Kisha huandikwa:

dot -Tsvg kazi.dot -o kazi.svg

na picha hutokea. Njia inayotumiwa na dot ilielezwa na Gansner, Koutsofios, North na Vo mwaka 1993, nayo ina hatua nne. Kwanza kila kifundo hupewa daraja, ili mishale ishuke kutoka juu kwenda chini. Pili vifundo vya daraja moja hupangwa upya ili mishale ikatane mara chache iwezekanavyo. Tatu kila kifundo hupewa mahali pake hasa. Mwisho mishale huchorwa kwa mikunjo isiyovigonga vifundo.

Kinachosalia ni kuyapata maandishi hayo kutoka katika masijala bila kuyanakili kwa mkono. Zipo skripti huria za kazi hiyo; moja inayofahamika huitwa jira-dependency-graph, nayo imeandikwa kwa lugha ya Python. Skripti ya aina hii huanza na tiketi moja, huiuliza masijala viungo vyake, huenda kwa kila tiketi iliyotajwa, na kuuliza tena, mpaka pasiwe na tiketi mpya. Kiungo kimoja huonekana katika tiketi zote mbili, mara moja kama "inangoja" na mara ya pili kama "inatangulia". Kwa hiyo skripti nzuri hukumbuka ilikopita, isije ikachora kitu kimoja mara mbili au ikazunguka bila kikomo.

Hapa msomaji aone umuhimu wa kukubaliana juu ya mshale. Wengine huuelekeza kutoka kwa kifuatizi kwenda kwa kitangulizi, wakimaanisha "huyu anamngoja yule". Wengine huuelekeza kutoka kwa kitangulizi kwenda kwa kifuatizi, wakimaanisha "hii ikiisha, ile ianze". Mitindo yote miwili inatumika. Tunapendelea wa pili, kwa sababu unalingana na jozi za tsort, na kwa sababu katika mchoro wa dot kazi za kuanza huwa juu na ya mwisho huwa chini, kama ukurasa unavyosomwa. La muhimu kuliko hilo ni kwamba kila mchoro uandikwe chini yake mshale una maana gani. Mchoro usio na maelezo hayo haufai kupelekwa kikaoni.

7. Njia tawala na mzunguko wa kungojana

Mchoro ukipewa siku huongezeka manufaa. Tuseme K1 huchukua siku 20, K3 siku 15, K4 siku 3, K5 siku 10, K6 siku 8, na K7 siku 14. Njia inayopita K1, K3, K4, K5, K6 na K7 ina jumla ya siku 70, na hakuna namna ya kumaliza mapema zaidi ya hapo bila kufupisha moja ya kazi hizo. Kwa Kiswahili baadhi ya watu huiita "njia muhimu", lakini jina hilo humfanya mchora picha adhani kwamba kazi yake si muhimu. Tunapendekeza njia tawala, maana ndiyo inayoitawala tarehe ya mwisho. Picha, yaani K2, zikichukua siku 12, zitakuwa tayari siku ya 32, ilhali uhariri utaisha siku ya 48. Basi mchoraji ana nafasi ya siku 16. Nacho kibali, K8, lazima kipatikane kabla siku ya 35 haijaisha, ama sivyo kikao kitachelewa na kijitabu pamoja nacho.

Sasa tuongeze tiketi moja, K9: kupata bei ya mpiga chapa. Mhasibu hatoi kibali mpaka aione bei hiyo. Mpiga chapa hataji bei mpaka ajue idadi ya kurasa. Kurasa hazipangwi mpaka uhariri uishe, uhariri hauanzi kabla ya kikao, na kikao hakiitishwi mpaka kibali kitoke. Kila mmoja wa watu hao watano ana haki. Kila mmoja akifungua tiketi yake ataona kwamba anamngoja mwingine, ataandika "inangoja", na ataifunga programu kwa amani. Taarifa ya mwezi itaonyesha tiketi tano zinazoendelea. Kijitabu hakitatoka kamwe.

Kiswahili kina njia nzuri ya kuieleza hali hii, kwa kuwa kiambishi -an- ndicho chenyewe: hawangoji, wanangojana. Kwa hiyo tunapendekeza mzunguko wa kungojana, au kwa ufupi mzunguko. Tsort ikiukuta hutoa onyo na kuzitaja tiketi zilizomo. Bugzilla hukikataa kiungo chenye kuleta mzunguko wa aina hii. Nayo dot huuchora kama ulivyo, na dalili yake huonekana kwa macho: mishale yote inashuka, lakini mmoja unapanda.

Dawa ya mzunguko haimo katika kompyuta. Watu hao watano sharti wakae pamoja na kuuliza ni sharti lipi kati ya matano lililo pana kuliko haja yake. Katika mfano wetu, tiketi ya kibali ilikuwa imebeba mambo mawili: fedha za kikao na fedha za uchapaji. Kikao hakihitaji bei ya mpiga chapa. Tukiigawa tiketi hiyo kuwa K8, kibali cha kikao, na K10, kibali cha uchapaji, K9 itatangulia K10 tu, na K10 ndiyo itakayotangulia K7 badala ya K8. Mzunguko umefunguka, na hakuna aliyevunja kanuni za fedha.

8. Viungo vya ziada

Katika orodha yetu ya kwanza kulikuwa na kiungo cha K1 na K4. Hakikuwa cha lazima kuchorwa, kwa sababu K1 hutangulia K3, na K3 hutangulia K4. Kadhalika kiungo cha K8 na K7. Masijala iliyotumika miaka mingi hujaa viungo vya namna hii, na mchoro wake huwa kama wavu uliofumbana. Graphviz ina amri iitwayo tred ya kuviondoa, nayo hutumika kwa bomba:

tred kazi.dot | dot -Tsvg -o kazi.svg

Kitendo hiki tunakiita upunguzaji wa viungo vya ziada. Na hapa ndipo inapoonekana faida ya kutenganisha kiungo na mshale. Kilichoondolewa ni mshale katika picha. Kiungo kibaki katika masijala. Ikiwa kesho kikao kitafutwa na K4 ikafungwa, bado ni kweli kwamba hakuna kupiga chapa bila kibali cha fedha, na aliyekifuta kiungo cha K8 na K7 kwa kuwa tu picha ilipendeza atakuwa ameifuta kanuni.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Masijala ya kazi: programu ya kuandikia na kufuatilia kazi, ambamo kila kazi ina namba na hali yake.
Tiketi: kumbukumbu moja katika masijala ya kazi.
Utegemezi: uhusiano ambao kwao tiketi moja haiwezi kukamilishwa kabla ya nyingine.
Kitangulizi: tiketi inayongojwa.
Kifuatizi: tiketi inayongoja.
Kiungo: uhusiano wa tiketi mbili kama ulivyoandikwa katika masijala.
Mshale: alama ya kiungo katika mchoro.
Kifundo: alama ya tiketi katika mchoro.
Grafu elekezi: mchoro wa vifundo na mishale.
Upangaji wa vitangulizi: kuziweka tiketi katika foleni ambamo kila kitangulizi huja kabla ya kifuatizi chake.
Njia tawala: mfuatano wa tiketi wenye jumla kubwa kuliko yote ya muda, ambao huamua tarehe ya mwisho.
Mzunguko wa kungojana: mfuatano wa tiketi unaorudi ulikoanzia.
Upunguzaji wa viungo vya ziada: kuondoa katika mchoro kila mshale ambao maana yake imekwisha kuonyeshwa na mishale mingine.
Mstari wa amri: njia ya kuiagiza kompyuta kwa maneno yaliyoandikwa.

Wasomaji wataona kwamba hatukuweka neno maalumu la kufanya jambo lionekane kwa macho. "Kutaswirisha" limependekezwa mahali pengi, na katika falsafa au ushairi huenda likafaa. Kwa kazi hii kuchora kunatosha, na neno linalotosha lisiongezewe mkia.

10. Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo. Zinangoja kujadiliwa kabla ya kusanifiwa. Tungependa hasa kupata maoni ya watumishi wanaozitumia masijala hizi kila siku: je, inangoja na inatangulia zinasomeka bila kukosewa katika vioo vyenu? Walimu nao watuambie kama kifundo kinagongana na neno lolote la masomo yao, na watafsiri watuonyeshe sentensi ambamo kanuni ya kuepuka kirejeshi imeshindikana. Maoni yenye mifano halisi yatatufaa kuliko sifa, na yatakayotufikia tutayajadili katika matoleo yajayo.